Karibu isiyo na tarehe: maswali yenu kuhusu Waingereza

Kila Septemba, wanafunzi na manesi wapya wanapoanza kushuka uwanja wa ndege, simu yangu hujaa maswali. Haya ni ya safari hii. Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Tanga na huu ni mwaka wangu wa 19 hapa Derby. Ninayoyasema ni ya Waingereza wenyewe. Watu wa Scotland na Wales wana yao, na ukiwaita Waingereza watakurekebisha kabla hujamaliza sentensi. Kiswahili ndicho kimetuponza hapo, maana neno Uingereza kwetu ni England peke yake, na ni nchi zote nne pia, pamoja na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini.

Nilimkanyaga mzee kwenye basi, tena kwa buti. Nikiwa bado natafuta maneno, yeye akaniambia "sorry". Alikuwa ananikejeli? — Mwanafunzi, Coventry

Hakukukejeli, ndugu yangu. "Sorry" ile ni honi tu: nipo, upo, tumegusana, yaishe. Huipiga wakitaka kupita, wasiposikia ulichosema, wakitaka kuuliza bei. Nimewahi kumsikia mama mmoja dukani akimwambia "sorry" sanamu ya kuvalishia nguo. Jibu lake ni "sorry" vilevile, papo hapo, na mmemalizana.

Iko nyingine ya kuogopa. Hiyo huvutwa, inapanda juu mwishoni, na nyusi zinapanda nayo. Ukiisikia ukiwa umesimama dukani, geuka nyuma: umeruka foleni.

Na usiitumie kama "pole". Sisi mtu akijikwaa tunampa pole hata kama tulikuwa ng'ambo ya barabara. Mwambie Mwingereza aliyejikwaa "sorry" uone, atakushangaa na kukujibu kwamba si kosa lako. Muulize tu kama yuko salama.

Wenzangu wodini huniuliza "You all right?" halafu wanapita kabla sijajibu. Na wagonjwa wananiita bata! Tena nawaitaje wazee, kwa jina la kwanza? — Nesi, Stoke-on-Trent

Tuanze na bata. "Duck" ni neno la mapenzi la ukanda wetu huu, Stoke, Derby mpaka Nottingham. Dereva wa basi atakuita hivyo, muuza samaki atakuita hivyo, na bibi wa kitanda cha dirishani ndiyo kabisa. Ungepangiwa Newcastle ungeitwa "pet", jina la mnyama wa kufugwa, na Bristol ungeitwa "my lover" na mzee wa miaka themanini, mumeo akisikia ashike kichwa. Kwetu watu hula bata. Huku bata ni wewe. Furahi, maana wasiyempenda hawamwiti kitu.

Ama hiyo "You all right?", nilipofika ilinitesa. Niliulizwa mara tatu asubuhi moja nikaenda kujitazama kwenye kioo cha choo cha kazini, nikidhani uso umebadilika. Kumbe ni habari za asubuhi. Na sisi ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kushangaa, maana Mswahili hujibu "nzuri" huku ana homa, ndipo aseme "ila". Nzuri, ila mtoto hakulala. Nzuri, ila mvua imebeba kuku. Hiyo "ila" ndiyo wao hawana. Salamu yao haifungui mlango wa mazungumzo. Sema "Yeah, you?" na miguu isisimame.

Kuhusu kuwaita wazee kwa jina la kwanza, najua roho inauma bila shikamoo. Muulize kila mmoja angependa aitwe nani. Wengine watakuambia jina tupu, wengine watataka "Mrs" yao, na hapo utakuwa umewapa heshima yao kwa namna yao.

Jirani yangu Mwingereza aliniambia "lazima uje kwangu tunywe kahawa". Huu mwezi wa tatu nasubiri. Nimekosea nini? — Mama wawili, Luton

Hujakosea, dada. Karibu ile haikuwa na tarehe.

Kumbuka nyumbani. Unapita mtaani, watu wako barazani wanakula, wanakuambia "karibu". Unajibu "starehe", unaendelea na safari yako. Ungekaa chini ukavuta sinia, wangekupisha, lakini ungezungumzwa wiki nzima. Basi na wao wana karibu ya namna hiyo, ya kutengeneza tu hali ya hewa kati ya watu. Karibu yao ya kweli huja na kalenda: Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, unaweza? Isipokuja na kalenda, ipokee kwa tabasamu, au uitie tarehe wewe mwenyewe. Sema: "Nafanya mandazi Jumapili ijayo, njoo saa kumi." Kama anakupenda atakuja. Asipokupenda ataleta udhuru mzuri sana.

Ila usiende na hodi ya ghafla. Wengi wao, mlango ukigongwa bila taarifa, hufikiri ni mzigo wa posta au habari mbaya.

Siku ukialikwa chakula cha jioni "half seven", hiyo ni saa moja na nusu, wala usiihesabu kama Wajerumani, ambao kwao ni saa kumi na mbili na nusu. Fika saa moja na dakika arobaini. Ukiwahi utamkuta mwenyeji na taulo kichwani. Beba maua au chokoleti. Na kuondoka kuna alama yake: mtu hupiga mapaja kwa viganja viwili na kusema "Right!" Akipiga mwenyeji wako, shika koti lako. Ukitaka kuondoka wewe, piga mapaja yako. Niliishi miaka minne nikidhani wana tatizo la magoti.

Baba wa mwenzangu kazini amefariki. Hii wiki ya pili, hajazikwa, na hakuna aliyekwenda nyumbani kwake. Nilitaka kupeleka pilau, msimamizi akaniambia "mpe nafasi". Huu si ukatili? — Mfanyakazi wa ghala, Leeds

Swali hili limenikalisha, kwa sababu niliwahi kuharibu hapo.

Majira yangu ya kwanza ya baridi, mume wa jirani alifariki. Nikajifunga kanga, nikaenda. Nilidhani nitakuta viatu mlangoni, watu kwenye mikeka, chungu nyuma ya nyumba. Nilimkuta mjane peke yake na televisheni imezimwa. Nikakaa kimya karibu naye saa mbili nzima, kama nilivyofundwa. Katika saa mbili hizo alinyanyuka mara tatu kunipikia chai. Mfiwa ndiye aliyenihudumia. Nilikuwa nimekwenda kumbebea mzigo, nikawa mimi ndio mzigo.

Kwao huzuni ni kitu cha faragha, na kumwacha mtu ajikusanye ndiyo adabu. Mazishi nayo hayaharakishwi: kuna cheti, kuna kampuni ya mazishi, na kuna kusubiri nafasi. Zaidi ya robo tatu ya wanaofariki nchini humu huchomwa, hawazikwi, na nyumba za kuchomea maiti hutoa muda kwa saa, nusu saa au dakika arobaini na tano tu kwa kila familia. Wiki mbili, tatu, au zaidi, ni kawaida. Sisi Waislamu tuliozoea kuzika siku ileile, hata Wakristo wetu wanaosubiri ndugu watoke mikoani, inatukata maini. Si kwamba hawakumpenda marehemu.

Sasa fanya hivi. Nunua kadi ya rambirambi, andika kwa mkono mistari miwili mitatu. Kama uliwahi kumwona baba yake au kusikia habari zake, itaje. Mstari huo mmoja atausoma mara nyingi. Pilau ipike. Itie kwenye chombo asichohitaji kukirudisha, mtumie ujumbe kwanza: "Nitakuachia chakula mlangoni, usihangaike kufungua." Iache, ondoka. Mjane wangu nilimfanyia hivyo wiki iliyofuata, na ndipo alipofungua mlango mwenyewe.

Ukialikwa kwenye mazishi nenda, ufike mapema. Soma tangazo vizuri, maana siku hizi familia nyingine husema msivae nyeusi. Wakiandika maua ni ya familia tu, maana yake ubani wako upeleke kwa shirika la hisani walilolitaja. Usiangue kilio ndani. Baadaye kuna chai na sandwichi, mara nyingi pabu, yaani baa ya mtaa, na hapo watu watacheka kwa sauti wakisimulia vituko vya marehemu. Usiwahukumu. Kicheko kile ndicho kilio chao.

Akirudi kazini, mwambie mara moja "I'm so sorry about your dad". Hapa, na hapa tu, "sorry" ni pole kamili. Utaona wenzako wakimkwepa, wanazungumza naye habari za mvua, wanaogopa kusema vibaya mpaka hawasemi chochote. Hapo mimi siwatetei. Nimewaambia wenyewe usoni kwamba hilo sisi tunawashinda mbali, na wengi wamekubali.

Natoka Unguja, sinywi pombe. Ijumaa wenzangu hunialika pabu. Nilikunywa soda aliyoninunulia mmoja, safari ya pili nikajinunulia yangu, naona amenuna. Kwa nini? — Mhasibu, Manchester

Kwenda au kutokwenda ni kati yako na dini yako, mdogo wangu, mimi si shehe. Lakini kununa kwake nakuelewesha. Pabu huenda kwa zamu. Mko wanne: wa kwanza ananunulia wanne, wa pili naye wanne, mpaka mzunguko utimie. Hakuna anayeandika, na hakuna anayesahau. Ulipopokea soda yake uliingia kwenye mchezo, ulipojinunulia yako peke yako ukatoka na deni. Bei si hoja. Bilionea akiruka zamu atasemwa kuliko mwanafunzi.

Kama hutaki pesa yako inunue bia ya mtu, jitoe mwanzoni kabisa kwa upole, useme leo utajihudumia. Kisha nunua pakiti mbili za krispi, uzipasue kwa ubavu zifunguke kama sahani, uziweke katikati ya meza. Utasamehewa yote.

Pale kaunta hakuna foleni ya kuonekana, ila kila mtu anajua aliyemtangulia. Usipunge noti wala kupiga mluzi. Akikuuliza wewe kabla ya mwenzako, sema "yeye kwanza". Heshima yako itapanda ghafla.

Bosi alisoma ripoti yangu akasema "interesting", na kwamba "huenda ningependa" kuitazama tena sehemu ya tatu. Sikupenda, nikaiacha. Sasa hanichangamkii. — Mhandisi, Reading

Kaka, uliamriwa! "You might want to" ni amri iliyovaa kanzu. "Interesting" ni kuguna. "Quite good" ina mashaka ndani yake, na "not bad" ni sifa ambayo waweza kumpigia mama simu kumweleza. Akianza na "with respect", heshima imeshakwisha. Akisema atalikumbuka wazo lako, lizike.

Wanaotoka pwani hawana udhuru katika hili. Tumelelewa na wanawake waliotukana mtaa mzima kwa maandishi ya kanga bila kufungua mdomo. Bosi wako naye amejifunga kanga. Soma maandishi, na leo hii urekebishe sehemu ya tatu.

Nimealikwa "tea" saa kumi na moja jioni. Nile kwanza nyumbani? — Sheffield

Usile! Kaskazini "tea" ni chakula cha jioni chenyewe, viazi na nyama. Ungealikwa na mtu wa kusini ningekuambia uonje kitu kidogo, maana ungekuta kikombe na biskuti. Na "dinner" kwa hao hao wa Sheffield yaweza kuwa chakula cha mchana. Ukiwa na shaka, uliza saa.

Nakuja London wiki mbili tu. Niambie kosa moja la kuepuka.

Kwenye ngazi za umeme za treni ya chini, simama kulia. Kushoto ni kwa wanaokimbia. Mwaka 2015 kituo cha Holborn kilijaribu kusimamisha watu pande zote mbili, kwa sababu ngazi ndefu namna ile hubeba wengi zaidi hivyo. Hesabu ilikubali, watu wakagoma. Na ndani ya behewa usimsalimie mtu. Mwaka 2016 Mmarekani mmoja aligawa beji za kuwahimiza abiria wazungumze; wenyeji wakatengeneza beji zao za kukataa.

Kesho ni siku yangu ya kuzaliwa na ofisini nimeambiwa nilete keki mwenyewe. Wananitania? — Milton Keynes

Hawakutanii. Huku mwenye siku yake ndiye anayelisha wenzake. Nunua mbili, moja iwe haina maziwa wala mayai, ziweke jikoni, watumie barua pepe kwamba zipo. Usizipitishe mezani kwa mezani, utawaona wanaona haya. Zitaliwa haraka mpaka kipande cha mwisho, na hicho hakuna atakayekigusa. Mmoja atakikata nusu, anayefuata atakata nusu ya ile nusu, mpaka jioni kitabaki kama ukucha. Wakishaondoka wote, kile.