Fundi Umeme Anajibu: Geji ya RPM Kwenye Land Cruiser ya Mzee

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu Land Cruiser FJ45 ya mwaka 1978 niliyoachiwa na baba, injini 2F ya petroli. Haikuwa na geji ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), nikanunua ya mtumba iliyotolewa kwenye Toyota ya silinda nne. Muuzaji alisema zote ni moja. Baada ya kufungwa, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ilisoma karibu 1,000. Fundi akasema iko juu, akaishusha mpaka mshale ukakaa 650. Tangu hapo gari linatetemeka na kuzima kila nikisimama kwenye makutano. Nikiwa mwendo wa 70, geji inasoma 3,000. Ninunue kabureta nyingine? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kabureta iache, haina kosa.

Geji hiyo haioni injini ikizunguka. Inahesabu cheche kupitia koili, ile inayokuza umeme wa plagi, basi. Injini ya silinda nne hutoa cheche mbili kila mzunguko. Yako ya silinda sita hutoa tatu. Geji yako imezoea mbili, ikipewa tatu inadhani injini inakimbia zaidi. Ile 1,000 kasoro kidogo ilikuwa 650 halisi, sailensa ambayo 2F inaitaka. Fundi wako alipoivuta mpaka mshale ukasoma 650, injini ikabaki na mizunguko kama 430. Hapo hata ikiwa mpya lazima itetemeke! Na ile 3,000 ya barabarani ni 2,000 tu.

Kwa hiyo leo leo rudisha skrubu ya sailensa mpaka mshale usome kama 975. Mpaka upate geji sahihi, chochote unachosoma zidisha kwa mbili, gawa kwa tatu.

Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta nyingine, usiulize "ya Toyota". Uliza ya petroli, volti 12, silinda sita. Iliyo rahisi zaidi ni ile ya kufunga juu ya dashibodi, yenye swichi nyuma ya kuchagua 4, 6 au 8. Iweke kwenye 6 kabla hujaunganisha waya hata mmoja. Ukikuta dashibodi ya Land Cruiser FJ60 yenye geji hiyo, nayo inafaa kwa sababu wale walitumia 2F hiyohiyo, ila kuichomoa geji peke yake na kuitafutia nyumba ni kazi. Ya HJ60 usiiguse: ile ni dizeli, haina koili. Wenye Land Cruiser zilizowekewa dizeli, nanyi msiniandikie kuhusu koili; geji yenu huchukua taarifa kwenye alteneta, terminali ya W, au kwenye sensa ya flaiwili.

Tena usidanganywe na yale mageji makubwa ya vijana yanayofika 10,000. 2F inafikia nguvu zake zote kwenye 3,600. Mshale utakaa kwenye kona moja maisha yake yote. Chukua inayoishia 6,000.

Kufunga: waya wa moto uchukue baada ya swichi ya ufunguo, upitie fyuzi ndogo. Wa ethi ukaze kwenye bodi palipokwanguliwa rangi. Wa taa ya geji uunge na taa za dashibodi. Ule wa kuhesabu uweke upande hasi wa koili, palepale unapotoka waya mwembamba wa kwenda distribyuta (kigawa cheche kwa plagi). Usiusogeze karibu na waya nene za plagi, mshale utacheza ovyo. Kama kuna mtu aliondoa pointi (vile visahani vya kukata umeme ndani ya distribyuta) akakufungia boksi la CDI, yaani la kuwasha cheche kielektroniki, usiguse koili kabisa: pale panapita mamia ya volti na geji itaungua. Boksi lenyewe huwa na waya wake wa geji.

Hiyo uliyonayo usiitupe. Mwenye Hilux ya zamani ya petroli, silinda nne, ataifurahia.