Semina ya furaha: nilipe au nisilipe?

Dada, unasema mumeo anaiita semina hiyo ya laki tatu, yenye ahadi ya furaha ya kudumu, utapeli, nawe unaona anabeza kila kitu. Kwenye bei niko upande wake: furaha haiahidiwi kwa tarehe. Ila asitupe yote. Lile zoezi la semina, la kuandika mambo unayoyashukuru, lilipimwa Marekani na wanasaikolojia Emmons na McCullough, matokeo yakachapishwa 2003: walioandika shukrani waliyaona maisha yao vizuri zaidi kuliko walioandika kero. Si muujiza, na halimfai kila mtu. Nunua daftari (kalamu naamini unayo), andika mara moja kwa wiki kwa miezi miwili. Halikusaidii? Liache. Na mumeo naye ajaribu, hata kama anacheka.