Barua ya kukatiwa gesi majira ya baridi, Minnesota

Pole dada. Kupata barua ya kukatiwa gesi Januari, na watoto wako ndani, si jambo la kulala nalo. Leo hii pigia kampuni uombe mpango wa malipo chini ya Cold Weather Rule. Sheria hiyo ya jimbo hutumika Oktoba 1 hadi Aprili 30: mkikubaliana kiasi unachokimudu na ukakilipa kwa wakati, hawakukatii. Deni halifutwi, lakini usikubali kiwango kikubwa kuliko unachokimudu kwa sababu ya aibu. Wakigoma kuelewana, lalamika kwa Public Utilities Commission, tume ya jimbo inayosimamia kampuni za gesi na umeme.

Kisha jaza fomu ya Energy Assistance Program, mpango wa kusaidia kulipa bili za kupasha nyumba joto kwa fedha za LIHEAP, mfuko wa serikali kuu kwa wenye kipato kidogo. Ni msaada, si mkopo, na hata wapangaji hupewa. Andaa vithibitisho vya mapato na bili, na uitaje barua hiyo, maana kuna fungu la dharura. Usipoijua ofisi ya kwenu, piga 211, namba ya simu ya kuelekezwa kwenye misaada.

Anayekutaka ulipe kwa kadi za zawadi ni tapeli. Na jiko la mkaa, tafadhali, lisiingie ndani, wala usiwashe oveni ya gesi kupasha nyumba joto: kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.