Kabla Hujamwita Ng'ombe Wako Tasa

Nilikuwa na ng'ombe aliyehimilishwa (kuwekewa mbegu za dume kwa mrija) mara 3 asishike mimba. Nikamwita tasa, na mnunuzi wa nyama tulishaelewana bei. Aliyemwokoa ni daktari wa mifugo, kwa swali moja: "Ulimwona akifanya nini?" Nikasema alikuwa akiwapanda wenzake. Akacheka. "Anayepandwa akatulia, haondoki, huyo ndiye yuko kwenye joto, yaani tayari kupandishwa."

Tangu hapo nikawa naingia bandani alfajiri na tena usiku kabla ya kulala, maana wengi hupandana gizani, na joto lenyewe hudumu saa 12 hadi 18 tu. Siku moja asubuhi nikamkuta: ute mwangavu kama wa yai unaning'inia, manyoya ya juu ya mkia yamevurugika, ubavuni matope ya kwato za mwenzake. Mhimilishaji akaja jioni. Ukiona asubuhi, himilisha jioni. Ukiona jioni, himilisha kesho yake asubuhi. Siku ya 21, joto linaporudi kama hajashika, nikamvizia tena, kimya. Alikuwa ameshika.

Ukikuta damu kidogo mkiani, umechelewa, joto lilishapita siku moja au mbili nyuma. Andika tarehe, usiharibu mbegu.

Kuna wale ambao joto halionekani hata ukikesha. Mtazame mbavu. Aliyetoka kuzaa, anakamuliwa sana na chakula ni cha kubahatisha, mwili wake hauna nguvu ya kubeba ndama mwingine. Mwongezee chakula na madini ya kulamba kwanza, sindano baadaye.

Ng'ombe akizaa na kondo la nyuma likapitisha saa 24 bila kutoka, mwite daktari. Usilivute wala usilifungie jiwe, kama nilivyowahi kufanya. Kizazi kilioza kikajaa usaha na nikapoteza miezi. Akitupa mimba, usishike kilichotoka kwa mikono mitupu: huenda ni brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, na humpata mtu pia.

Mnaotumia dume, majike kadhaa wakirudia joto kwa pamoja, mpimeni dume. Na dume la kuazima, mimi siku hizi silitaki hata likija bure, maana huwa limepita mazizi mengi.

Mtamba (jike changa ambalo halijazaa) aliyezaliwa pacha na dume ndiye pekee ninayekubali aitwe tasa mapema. Zaidi ya 9 kati ya 10 hawazai kamwe, kizazi chao huharibika wakiwa bado tumboni. Mimi mmoja nimemlisha miaka miwili na nusu, nikimsifia kwa wageni alivyonenepa.