Jibu kwa mwalimu mpya wa mwambaoni Kigoma: maswali mengine usimuulize mtoto mbele ya wenzake

Mwalimu, karibu Kigoma. Umeuliza mambo mawili: kwa nini watoto wa shule yako ya mwambaoni wanakutazama tu ukiwauliza kitu, na ufanye nini na yule kijana wa darasa la sita anayekudanganya kila akikosa shule. Nimefundisha mwambao huu, kusini mwa Ujiji, kwa miaka mingi, kwa hiyo nasema ya huku. Ya Tabora kwenye tumbaku watayasema walioko kule.

Uwongo mwingi wa watoto tunautengeneza sisi wenyewe kwa maswali yetu. Unamsimamisha mtoto, "Kwa nini huna daftari?" Jibu la kweli ni kwamba nyumbani hakuna hela, nawe unataka alitamke mbele ya darasa zima, wakiwemo watoto wa jirani zao. Atasema limeibiwa. Kesho ukiuliza kama limepatikana, itabidi atunge la pili kulinda la kwanza. Mimi swali ambalo jibu lake ni umaskini siliulizi hadharani, hata lile la huruma la "umekunywa chai leo?"

Na ile "wasimame ambao hawajaleta mchango wa chakula" achana nayo kabisa. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ada na michango ya lazima ilifutwa, lakini sare na madaftari vilibaki kwa mzazi, na chakula cha mchana bado kinamtegemea yeye. Basi mdai mzazi. Mtoto hana mfuko.

Sasa hapa kuna jambo ambalo chuoni hawakukufundisha: tazama mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, na mwaloni, pale boti zinapotia nanga na dagaa kuuzwa, hela inakauka. Chukua daftari lako la mahudhurio ulilinganishe na mwezi. Siku za giza utaona wavulana wanapotea asubuhi: wako mwaloni wanapakua, wanaanika, wanalipwa kwa dagaa. Siku za mbalamwezi wanarudi, ila hizo ndizo siku ambazo nyumbani hakuna kitu. Kwa hiyo ukiitisha mchango wakati wa mbalamwezi unajisumbua, utaambulia kiburi tu. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ilikuwa kama mbalamwezi ya miezi mitatu.

Ndiyo maana sikubaliani na mchangiaji mwingine aliyekujibu kwamba "watoto wa mwaloni wana hela kuliko mwalimu, wanajifanya tu." Kuna wiki wanazo, kweli. Wiki inayofuata hawana hata ya peni. Umaskini wa huku unakuja na kuondoka, na ukimkuta mtoto ana andazi mkononi leo usidhani umemkamata.

Kuhusu kunyamaza. Wengi nyumbani wanaongea Kiha, na Kiswahili chako cha haraka cha mjini kinawapita. Punguza mwendo, uliza, kisha subiri. Walimu wapya hamsubiri. Halafu tazama unauliza nini. "Andika insha kuhusu safari yako ya likizo" kwa mtoto ambaye likizo yote alikuwa akianika dagaa ni kumwambia akae kimya. Nikiwapa "eleza namna ya kuanika dagaa wasioze wakati wa mvua," wale mabubu wanajaza kurasa. Wanabishana kama kuanika juu ya kichanja kunashinda kuanika mchangani, nani anageuza, lini unafunika turubai, mfanyabiashara anakataa dagaa wa namna gani. Sarufi yao naisahihisha humo humo. Wasichana ndio wanaojua zaidi, kwa kuwa kazi ya kuanika ni ya mama zao.

Peni: weka kopo mezani, anayehitaji anachukua na kurudisha, hakuna kuomba wala kushukuru. Zitapotea chache. Vumilia.

Kuna aliyeshauri fimbo. Kanuni zinaiweka mikononi mwa mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa hiyo wewe wa ajira mpya usijitie matatani. Na mtoto aliyechapwa kwa kukosa shule siku moja, kesho yake hukosa makusudi.

Sasa yule wa darasa la sita. Usimwite ofisini, walimu wenzako wakiwa wamekaa pale hatasema kitu. Mpe vitabu akubebee hadi nyumbani kwako, na njiani muulize mambo yanayojibika: unakaa na nani, nani anakuamsha, jana boti zilirudi saa ngapi. Usiulize "kwa nini". Ukigundua anakaa na bibi, nenda kamwamkie, umtangulize mwenyekiti wa kitongoji au mwalimu mwenyeji ili Kiha kisikukwamishe. Usimtumie mtoto kuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Usiahidi sare wala daftari siku hiyo. Mwombe bibi kitu kimoja tu: kijana akimaliza kupakua aje shule hata saa nne, na wewe umwambie mwalimu wa zamu getini asimrudishe.