Damu ikizidi, sema, hata wakikuita mdekaji

Juzi dada mmoja, mzaliwa wa Kondoa anayeishi Marekani, aliniandikia. Mimba ina wiki 31. Amesoma kwamba huko kina mama weusi hufa kwa uzazi karibu mara tatu ya weupe, na usingizi umemwisha. Anauliza afanyeje.

Si uvumi. Takwimu za serikali yao za 2021 zilionyesha vifo 69.9 vya kina mama weusi kwa kila vizazi hai 100,000, weupe 26.6. Na pesa si kinga. Serena Williams, yule bingwa wa tenisi, mweusi na tajiri, alijifungua kwa upasuaji mwaka 2017, pumzi ikaanza kumkatika, akamwambia nesi apimwe haraka. Nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Serena akashikilia lake. Walipompima, mapafuni kulikuwa na damu iliyoganda.

Nililia niliposoma hayo. Mimi sikupuuzwa kwa rangi. Nesi wangu alikuwa mweusi kama mimi. Ila nilifika mjini Dodoma na kanga zilizopauka, nimetoka kijijini, Bahi, na Kiswahili changu kimejaa Kigogo. Muda mfupi baada ya kujifungua nikamwambia, "Dada, damu inatoka nyingi." Akajibu bila kugeuka, "Wote wanatoka damu, acha kudeka." Kanga ya kwanza ikalowa. Nikakunja ya pili, nayo ikalowa, damu ikajaa kwenye mpira wa kitandani na kuanza kudondoka sakafuni, nikawa nasikia kila tone. Mama mkwe wangu, ambaye hajui kusoma, alizibeba kanga zote mbili zikichuruzika mpaka kwa daktari wa zamu, akaziweka mezani juu ya mafaili. Hakusema neno.

Niliongezewa chupa mbili za damu. Mwanangu yuko darasa la tatu sasa, na sauti ya yule nesi bado ninayo.

Basi mdogo wangu, usiseme "sijisikii vizuri". Sema pedi imelowa chapachapa ndani ya saa moja. Sema kichwa kinapasuka na macho yanaona ukungu. Sema kifua kinabana. Wasiposikia, rudia, mwite mwingine, rudia tena. Kina mama, nani alitudanganya kwamba kunyamaza leba ni adabu? Tumezika wenzetu wenye adabu!

Na usiingie peke yako. Nilimuuliza ana nani huko. Akasema yupo shangazi yake, ila ni mkali, atamtia aibu mbele ya madaktari.

Nikamjibu, mchukue huyo huyo.