Moshi wetu unavuka ziwa

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Moshi unaotanda kila kiangazi, tumlaumu nani?" Naandika kutoka Kigoma, na zamani ningewajibu bila kufikiri: Kongo. Ndivyo tulivyokua tukisikia. Mwezi wa Tano ukisimama ufukweni Kibirizi unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hadi mikunjo yake. Ikifika Agosti milima imefutika, na jua la jioni ni jekundu kama kaa. Hapo tunasema Wakongo wameanza kuchoma.

Aliyenitoa tongotongo ni mteja wangu wa dagaa kutoka Rumonge, Burundi. Tulikuwa tunageuza dagaa kwenye chanja huku masizi yakidondoka: vipande vya majani yaliyoungua, vimejikunja, ukivigusa vinasagika na kukuachia weusi kidoleni. Akaniuliza, "Mama, huku mnachoma nini? Kule kwetu watoto wanakohoa usiku kucha kwa moshi wenu." Nilitaka kubisha. Akanionyesha bendera ya boti iliyotia nanga pale mbele. Ilikuwa inapepea kuelekea kwao.

Na kweli, tangu Mei hadi Septemba upepo mkuu wa ukanda huu hutoka kusini mashariki. Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Uvinza iko huko upepo unakotoka. Ikiungua, moshi unashika njia ya ziwani, Burundi, Rwanda na Kongo. Kongo nayo inachoma, tena sana, hasa Katanga, lakini moshi mwingi wa huko, pamoja na ule wa Zambia na Angola, hukokotwa magharibi hadi juu ya Bahari ya Atlantiki. Desemba hadi Februari mambo hugeuka: nyika za kaskazini, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ndizo zinazowaka, na upepo huleta moshi wake huku. Kituo cha kupima hewa cha Mlima Mugogo, Rwanda, kilicho zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, huuona moshi wa misimu yote miwili, na huko mlimani hakuna kiwanda wala foleni ya magari ya kusingiziwa.

Masizi tunayoyaona huanguka karibu. Kinachosafiri ni chembe zisizofika mikromita 2.5, kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Mchana joto huzipandisha juu, zikakutana na upepo wenye nguvu na kwenda mamia ya kilomita. Alfajiri hewa ya baridi hutulia chini, na ile ya vuguvugu hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, moshi ukakwama puani mwetu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2021 kwamba kwa siku mtu asivute zaidi ya mikrogramu 15 za chembe hizo katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kujifunga khanga puani hakuzizuii. Zinapita, zinafika ndani kabisa ya mapafu. Mjukuu wangu ana pumu. Julai na Agosti analala ameketi, mgongo kwenye mito miwili, na mimi nakaa macho nikihesabu pumzi zake.

Sasa tumlaumu nani? Mfugaji anataka majani machanga, mkulima anasafisha shamba, mrina asali anafukuza nyuki. Kaka yangu ni mmoja wao, siwezi kumwita adui. Ila namwambia achome Mei, majani yakiwa na unyevu, moto uzimike wenyewe usiku. Wa Septemba hupanda matawini ukala siku nne. Ni kweli majani mabichi hufuka sana, lakini moto wa mapema huteketeza kidogo na kuacha mikanda iliyokwisha kuungua, ambayo moto wa baadaye hauivuki.

Kusini mashariki mwa Asia walilaumiana kwa miaka. Nchi za ASEAN, jumuiya ya nchi za huko, zilitia saini mkataba wa moshi unaovuka mipaka mwaka 2002, na Indonesia, ambako moto mwingi huanzia, iliuridhia 2014. Sisi tusisubiri hivyo. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia tayari zina Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, makao yake Bujumbura, zinakokaa pamoja kuzungumzia samaki na maji. Moshi uwekwe kwenye meza hiyo hiyo, na tarehe za kuchoma zijulikane pande zote za ziwa.

Picha za setilaiti zinazoonyesha moto wa kila siku ziko wazi kwenye intaneti, na binti yangu amenifundisha kuzifungua kwenye simu. Mteja wangu anarudi Julai. Safari hii nitamwonyesha mwenyewe vidoa vyekundu vya moto wa upande wetu.